Makopo Manne ya Dirishani

Zima redio hiyo, kaka mtu, nawe kitinda mimba wangu viache hivyo vyombo, njooni mkae hapa karibu na miguu yangu, maana sauti yangu haifiki tena jikoni na maneno haya sitayasema mara mbili. Daktari amesema nina majuma mawili. Nadhani ameongeza kidogo kwa adabu.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, hati iko kwa wakili. Cherehani mpeni mke wa kaka mtu, ndiye anayejua kuitia uzi. Nguo zangu wagawieni majirani kabla hazijanuka kabati. Hayo ni mepesi, nimeyamaliza.

Zito ni la ule mmea wa baba yenu. Mnaukumbuka, majani marefu membamba yenye mstari mweupe katikati, na vitoto vyake vikining'inia kwenye vikonyo. Baba yenu, fundi saa yule, aliuleta ukiwa kitoto kimoja ndani ya glasi ya chai, akauweka kwenye dirisha la sebuleni, penye mwanga lakini jua kali halifiki, na kila alipochoshwa na saa za watu aliusogelea akauchambua majani makavu. Alipougua akalala asiinuke tena, alisema mbele yetu sote kwamba mmea ni wa binti yake.

Miezi minane nilimnywesha maji kwa kijiko. Alipozikwa, mkono wangu ulikuwa haujaacha kazi ile, basi asubuhi nikaumwagilia mmea, adhuhuri nikaumwagilia tena, udongo ukawa tope, nisijue kwamba mizizi yake minene hujiwekea maji yenyewe. Majani yakalegea, nikadhani ni kiu, nikaongeza. Siku niliyoushika shina ulitoka wote mkononi, umeoza, unanuka.

Wewe, binti yangu, ulikuwa njiani kuja kuuchukua. Nilimwita kakako nikamwambia, "Kautupe kabla hajafika, na asijue." Hakuniuliza kitu. Ulipoingia ukakuta dirisha tupu, akakujibu, "Nimeutupa mimi, ulikuwa unaziba mwanga." Ukamwambia hana moyo. Nami nilikuwa mlangoni pa jikoni na sahani mkononi, nikaifuta, nikaifuta.

Miaka sita sasa. Hukwenda harusini kwake, wanawe hawaijui sura yako, naye hakunitaja hata siku moja. Usimtazame yeye, nitazame mimi. Mmea wa baba yenu niliuua mimi, na lawama nilimtwika mimi. Ningesema ni msiba, lakini uchungu ulipoa mwaka wa pili na bado sikusema. Ilikuwa aibu, halafu ikawa mazoea.

Hayo makopo manne ya dirishani sikuyanunua. Mshonaji wa ghorofa ya chini aliwahi kupewa kitoto na baba yenu, nami nikaenda kumwomba kitoto cha kile, kwa hiyo ni mmea ule ule, na ni wako. Tia kidole kwenye udongo. Kikitoka kikavu mwagilia, kikitoka na unyevu, ondoka zako. Maji ya bomba yaache ndooni siku nzima kwanza, la sivyo ncha za majani zitakauka. Mizizi ikijaa kopo, hamishia kubwa zaidi. Na kitoto usikikate upesi: kilaze juu ya udongo wa kopo la pili kikiwa bado kimeshikana na mama yake, kikishika ndipo ukate.

Kaka mtu, usitoke. Najua hupendi kuonwa ukilia, lakini kaa.

Kesho, binti yangu, nenda kwake ukawaambie wale watoto kuwa wewe ni shangazi yao, msije mkajuana kwenye mazishi yangu. Nizikeni mapema, bila hotuba... Niinulie mto kidogo. Basi, inatosha.

Mungu awape... awape umri, na nyumba zenye watu wanaosemezana. Sina kinyongo na mtu. Nanyi mkiweza...

Shika mkono. Si wangu, mwanangu. Wa kakako.