Barua ya Mwalimu Rudieni Iliyokaa Drooni Miaka Kumi na Tisa

Baada ya miaka thelathini na minne kwenye kinanda cha parokia yetu, Mwalimu Rudieni anastaafu rasmi Jumapili tarehe 30 Juni, Misa ya pili. Jina lake la ubatizo liko kwenye daftari la ofisini, atakayelitaka aje alione. Huku kanisani hatumjui kwa jina jingine, kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuna mwanakwaya aliyemaliza zoezi bila kuambiwa, kwa upole unaokera, "Rudieni."

Alikuwa mwalimu wa hesabu shule ya jirani alipoombwa ashike kinanda kwa wiki mbili tu, mpiga kinanda wa zamani akitibiwa mguu. Mguu ulipona. Lakini mwenye mguu alipomsikiliza Mwalimu kutoka benchi la nyuma alisema zile ngazi za kupanda kwenye kinanda hapandi tena.

Sisi tunaofanya naye kazi tunazijua siri za roshani ya kwaya. Mwalimu hupiga kinanda akiwa na soksi tu. Karatasi za nyimbo huzibana kwa vibanio vya kuanikia nguo ili feni isizipeperushe, na vibanio hivyo ni mali ya mke wake, ambaye sote tunamwita Shangazi, na ambaye amekuwa akividai tangu kinanda kilipokuwa kile cha kupampu kwa miguu. Kwaresima yote huwa mnyonge kwa kuukosa wimbo wa Utukufu, usioimbwa kipindi hicho. Paska ikifika huupiga kwa nguvu hadi njiwa wa darini wanahama.

Maharusi ndio waliomtoa jasho. Kila mwaka huja na simu, wakamchezea wimbo wa mapenzi unaovuma wakitaka kuingia nao kanisani. Mwalimu huusikiliza hadi mwisho, kichwa kikifuata mdundo. Kisha huwaambia wimbo ni mtamu, upigwe ukumbini, naye atakuja kuucheza. Na kweli huja, na hucheza hadi Shangazi anamshika koti. Sijawahi kumsikia akiuponda muziki wa redioni. Kwake kila wimbo una mahali pake, na kazi yake ni kuufikisha hapo.

Ndiyo maana lililompata miaka kumi na tisa iliyopita lilimuuma sana. Wakati ule mtaa mzima ulikuwa unafuatilia tamthilia moja ya televisheni, ya binti anayelazimishwa kuolewa na tajiri. Jumamosi jioni iliishia bibi harusi ameshika kalamu, na hatukujua kama atasaini. Kesho yake, wakati wa matoleo, wimbo wa kwaya uliisha foleni ya waumini ikiwa bado inafika mlangoni. Hapo mpiga kinanda huziba pengo kwa chochote kitakachokuja vidoleni. Vidole vya Mwalimu vikaleta wimbo wa tamthilia.

Aliupiga taratibu, kwa ibada, hata mistari miwili ya kwanza ikapita salama. Kisha bibi mmoja wa benchi la mbele akaanza kuufuatisha kwa mdomo uliofumbwa. Foleni ikashika mwendo. Kufika kwenye kiitikio nusu ya kanisa ilikuwa inaimba chinichini, na Paroko amesimama na kikapu mkononi, macho juu roshanini. Mwalimu akazinduka, akanyanyua mikono kama aliyeshika sufuria la moto.

Paroko wetu wa wakati ule alipofika sakristia aliuliza jambo moja tu: bibi harusi alisaini? Nyumbani kwake umeme ulikuwa umekatika Jumamosi ile. Bahati mbaya Mwalimu hakulisikia hilo, maana alikuwa ameshateremka ngazi, viatu mkononi, na kwenda zake. Alichofikishiwa ni maneno ya mwenyekiti wa walei, kwamba kuliko aibu ile, afadhali parokia inunue redio na kanda za nyimbo. Jumatatu asubuhi akaniletea mimi, karani wa ofisi ya parokia, barua ya kuacha kazi, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, niichape ili aisaini. Kwenye sababu aliandika neno moja: aibu.

Nilimdanganya kwamba utepe wa taipureta umekauka. Ulikuwa mpya, bado unanichafua vidole. Niliogopa. Nililiona kanisa letu likiimbiwa na redio, na moyo ukakataa. Jumatano aliuliza, nikasema tepe dukani hazipo. Ijumaa akauliza tena, nikasema sasa mashine yenyewe imekwama. Uongo huo nimeshauungama. Nilipewa malipizi ya Rozari moja, na msimuulize Padre, haruhusiwi kujibu.

Jumapili iliyofuata alikuja kupiga kwa mara ya mwisho, kwa alivyojua yeye. Baada ya Misa, nikiwa roshanini nakusanya vitabu vya nyimbo, akapanda fundi cherehani mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Tangu amzike mumewe, mama huyu alikuwa hajakanyaga kanisani kwa miaka kumi na mmoja. Alisema wiki ile iliyopita, akiwa anashona, alisikia wimbo wa tamthilia yake ukitoka kanisani, akavuka barabara kuona kuna nini. Alipofika mlangoni wimbo ukakatika. Akasubiri uendelee, akasubiri hadi Komunyo, hadi baraka.

"Sasa Mwalimu," akamwambia, "mbona uliishia katikati? Mimi nimerudi kusikia kilichobaki."

Mwalimu alikaa kwenye ngazi akalia, kisha akacheka. Barua hakuiulizia tena.

Fundi alijiunga na kwaya, halafu akaomba kufundishwa kinanda. Miguu iliyozoea cherehani ilikipampu siku ya kwanza kana kwamba kilikuwa chake. Kuanzia Julai ndiye atakayekaa kwenye kile kiti, na juzi nimemsikia akiwaambia sauti ya pili warudie. Mwenyekiti wa walei wa wakati ule sasa anaimba besi, na redio haijanunuliwa hadi leo.

Shangazi, asante kwa kutuazima mumeo. Vibanio vyako tunavirudisha, isipokuwa kimoja ambacho hatujui kilipo. Baada ya Misa kinanda kitatolewa uwanjani, na kwa ruhusa ya Paroko, Fundi atapiga wimbo ule wote, tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwalimu, tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi na Jumapili za kukaa benchi moja na mkeo. Utepe umepatikana. Barua yako nimeitoa drooni na kuichapa neno kwa neno, ila tarehe nimeweka ya leo, na palipoandikwa aibu nimeandika: kazi imekamilika. Bibi harusi, kwa mliozaliwa baadaye, hakusaini. Wewe sasa njoo ofisini usaini.