Goti Moja, Mishahara Miwili

Benchi la nje ya duka la donati, kona ya Mtaa wa Fillmore mjini Buffalo, lina wenyewe. Jumanne ile, baridi ya Novemba ikichoma masikio, walikuwa watatu na kahawa zao: Stosh, aitwaye Mhasibu kwa kuwa hajawahi kupatia hesabu, Gus, aitwaye Daktari kwa kuwa amewahi kulazwa, na Hollis Tate, ambaye asubuhi hiyo alikuwa hajaigusa donati yake. Jumapili, Lavelle, mkimbiaji nyota wa timu ya mji ya futiboli ya Kimarekani, alitolewa uwanjani kwa machela, goti limeteguka. Na kwenye kikosi cha mazoezi, kisichocheza mechi, akingoja zamu mwaka wa pili sasa, alikuwapo Jarvis, mtoto wa dada yake Hollis.

— Wakimtia Lavelle kwenye orodha ya majeruhi, nafasi ya Jarvis hiyo, — alisema Daktari. — Na mshahara wa Lavelle unafutika. Raha mustarehe!

— Unafutika kwa raba? — Mhasibu akamdaka. — Kinachoachwa wazi ni nafasi kikosini. Mshahara wake unaendelea kuhesabiwa kwenye kikomo cha ligi, kile kiasi cha mishahara ambacho timu hairuhusiwi kukizidi, kama vile yuko uwanjani anakimbia. Halafu wa Jarvis unapandishwa juu yake. Goti moja, mishahara miwili!

— Na kikomo kikiwa kimejaa? — aliuliza Hollis.

— Jarvis ataendelea kushangilia akiwa na jezi safi.

— Usimtishe mwenzio, — alisema Daktari. — Watasukuma mshahara wa mtu mwingine mpaka mwaka kesho. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo ni ya kuweka akiba, mzee, siyo ya kukopa!

— Basi sikia hii. Lavelle haumwi. Wamemficha apumzike mechi nne, arudi na nguvu mpya.

— Na machela?

— Maigizo! Daktari wa timu mwenyewe ni karani wa mishahara. Anapima pochi, hapimi goti.

— Mimi naona, — Mhasibu akasogea mbele, — mwenye timu ndiye aandikwe majeruhi. Kila akilipa, roho inamuuma.

Walicheka. Hollis alicheka nao, nusu mdomo. Simu yake ikalia.

— Mjomba! — Jarvis alikuwa akihema. — Wamenisajili! Jumapili naingia!

Hollis alisimama, kahawa ikamwagikia viatu. Mhasibu alimkumbatia, Daktari akapiga benchi makofi.

— Si nilisema? Mgeni njoo, mwenyeji apone! Jarvis kaingia, Lavelle anapona!

Mama mmoja alikuwa anatoka dukani na boksi la donati, mgeni mtaani. Kelele zilimsimamisha.

— Kuna nini, jamani?

Wakamweleza wote kwa pamoja: orodha, kikomo, mishahara, Jarvis, goti.

— Maskini, — alisema yule mama. — Goti lipi?

— La Lavelle, mama.

— Nimesikia. La kulia au la kushoto?

Mhasibu alimtazama Daktari. Daktari alitazama magoti yake mwenyewe. Kisha wote wawili wakamgeukia Hollis. Hollis alifungua kinywa ajibu, maana tangu Jumapili alikuwa analiombea goti lile lisipone haraka. Hakujua ni lipi.