Kasian Kalinga na Boti za Kuokolea Watu, Igawa

Ndugu waombolezaji, mimi ni Ambrosi, mdogo wake marehemu.

Kaka yetu Kasian Kalinga alizaliwa Idodi tarehe 4 Agosti 1911, mtoto wa pili wa mzee Silvester na mama Apolonia. Alisoma shule ya misheni Tosamaganga hadi darasa la nne, akajifunza useremala. Mwaka 1934 alihamia Igawa, akawa anatengeneza milango, vitanda na majeneza. Tarehe 6 Juni 1936 alifunga ndoa na shemeji yetu Severina.

Machi 1951 mto Mbarali ulifurika, akatengeneza majeneza saba kwa juma moja. Alimwambia rafiki yake Yunusu bin Alawi, mfanyabiashara wa mpunga, "Nimechoka kuwapigia watu mbao wakishakufa." Wao wawili na Lutengano, mvuvi wa kambare, wakaanzisha kikosi cha kujitolea kuokoa watu wakati wa mafuriko. Mtumbwi wa kwanza Kasian aliuchonga mwenyewe. Ulichukuliwa na maji. Wa pili ulipasuka.

Marehemu hakujua kuogelea. Shemeji alipogundua alimwuliza, "Baba Saulo, ukianguka je?" Akajibu, "Ndiyo maana sianguki."

Aliandika barua tisa serikalini kuomba boti. Kila mara aliambiwa asubiri. Oktoba 1956 ikaletwa boti ya bati, haina makasia. Akayachonga. Ndipo ikafungiwa stoo ya ofisi, eti mpaka mkaguzi aje kuikagua. Mkaguzi hakuja.

Tarehe 19 Machi 1957 maji yalizingira nyumba za kivukoni. Karani mwenye ufunguo alikuwa Mbeya. Kasian aliambiwa angoje, atarudi sasa hivi. Alingoja tangu asubuhi hadi adhuhuri, watu wakisikika wakiita. Mwisho akatumia tindo na nyundo, akavunja kufuli. Waliokoa watu kumi na mmoja. Mama mmoja na mtoto wake mchanga, waliokuwa juu ya mti tangu alfajiri, hawakuwakuta.

Watu walimsifu kwa kuvunja. Yeye alijilaumu kwa kungoja. Aliniambia, "Ambrosi, nilikuwa na tindo mkononi tangu asubuhi."

Alishtakiwa kwa kuharibu mali ya serikali, akafungwa miezi miwili. Alitoka na kikohozi, kikageuka kifua kikuu. Alilazwa hospitali Mbeya mara tatu. Huko kitandani aliandika barua ya kumi, haijajibiwa. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Mei 1959, saa nne asubuhi, Severina akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wawili, Saulo na Apolonia, mimi mdogo wake, na wenzake Yunusu na Lutengano, ambao leo wamelibeba jeneza lake.

Boti ingali stoo. Wamenunua kufuli kubwa zaidi. Mvua zitaanza Novemba.

Mwenyezi Mungu ampe kaka yetu pumziko la amani, maana hapa kwetu hakulipata.