Pembeni Hapahesabiwi

Wasikilizaji wapendwa, hamnijui kwa kupaza sauti. Leo mtanisamehe. Wiki iliyopita tulimzika mwanamke aliyetuhesabu sisi sote, na ambaye hesabu yake ilifutwa.

Alikuwa karani wa takwimu. Kazi yake ilikuwa kugonga milango na kuuliza maswali ya fomu: maji, choo, umeme, shule. Aliifanya miaka kumi na tisa. Nasema tena, miaka kumi na tisa. Majibu yalipelekwa ofisini, yakajumlishwa, kisha nchi yetu ikapangwa kwenye jedwali pamoja na nchi nyingine, ionekane nani ana maendeleo endelevu na nani anajikokota.

Ungemjua hata kwa mbali. Raba nyeupe zilizokwisha weupe, ubao wa kuandikia kwapani, na penseli iliyoning'inia kwa uzi wa cherehani. Uzi alipewa na dada yake, fundi wa nguo.

“Kila siku anapoteza penseli,” dada mtu aliniambia. “Nikamwambia, mdogo wangu, siku moja nitakufunga na wewe.”

Watu walimwita Mama Pembeni. Fomu yake ilikuwa na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, na maisha ya watu hayakuenea humo. Yaliyobaki aliyaandika pembeni mwa karatasi, kwa herufi ndogo kama sisimizi.

Siku moja alifika kwa fundi viatu wa mtaani kwake mwenyewe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mna bomba?”

“Mambo bomba kabisa, mama. Maji tu ndiyo hayapo.”

Mama Pembeni alicheka mpaka akakalia kiroba cha viatu. Kisha akainuka, akaenda uani, akalifungua bomba. Likakohoa. Likatoa buibui.

Akatia alama kwenye Hapana. Pembeni akaandika: “Bomba lipo. Maji yalitoka siku ya uzinduzi, wageni walipoondoka yakaondoka nao.”

Mtaa ule una nyumba mia mbili na thelathini. Alifungua bomba katika kila nyumba. Mia mbili na kumi na nne zilikuwa kavu. Shikeni namba hiyo: mia mbili na kumi na nne.

Mkuu wake akamwita ofisini. Jioni ile Mama Pembeni alimsimulia binti yake yaliyosemwa, na binti ameyashika neno kwa neno.

“Mama, swali linauliza bomba. Haliulizi maji.”

“Na juu ya ukurasa pameandikwa nini, bosi?”

“Maji Safi.”

“Basi bosi wangu, buibui si maji.”

“Nchi nyingine nazo zinahesabu mabomba. Unataka sisi peke yetu tuburure mkia?”

“Nataka tuonekane pale tulipo. Wao wakihesabu mabomba, sisi tukihesabu mabomba, tutajua nani ana vyuma vingi. Nani ana maji, tutajulia wapi?”

Yule mkuu akasukuma kifutio mezani. Akasema, “Pembeni hapahesabiwi, mama.”

Mama Pembeni hakukigusa. Alikiacha pale pale, akatoka na ubao wake. Mkataba wake haukuongezwa tena.

Aliandika kwa penseli, wasikilizaji. Penseli inafutika. Mkono mwingine ulishika kile kifutio, na mia mbili na kumi na nne zikawa Ndiyo.

Msidhani haya ni mambo ya karatasi. Mafundi wa kufufua mabomba walipotumwa, walipelekwa kwenye mitaa yenye Hapana. Mtaa wake ukarukwa. Wakazi walipokwenda kuuliza, waliambiwa, “Ninyi mna maji. Fomu imesema.” Fomu imesema! Watu wamesimama pale na madumu matupu mikononi, lakini iliyosadikiwa ni fomu.

Mama Pembeni hakuchukia kupima. Alikuwa mdogo wa fundi nguo, alijua thamani ya futi. Alichokichukia ni futi iliyokatwa. “Endelevu maana yake kiendelee,” alikuwa akimwambia dada yake. “Bomba lililotoa maji kwa saa mbili tu, limeendelea nini?” Alinunua daftari, na kila Jumatatu alizunguka mtaani kufungua mabomba, bila kutumwa na mtu. Safari hii aliandika kwa kalamu ya wino. Daftari ninalo hapa mbele yangu. Miaka mitatu. Kavu, kavu, kavu.

Alifariki Jumanne, moyo wake ukiwa umechoka. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Binti yake aliniambia hivi: “Maji ya kumwosha mama tuliyabeba kwa madumu kutoka mtaa wa tatu. Tukiingia nayo ndani, tunalipita bomba mlangoni. Shangazi mmoja alilipiga teke.”

Na Jumatano, wasikilizaji wapendwa, ikatoka taarifa kwamba nchi yetu imepanda ngazi kumi na moja kwenye jedwali la maji safi. Taarifa hiyo niliisoma mimi, hapa hapa, kwa sauti ya furaha. Sikuuliza hata swali moja. Nami nilishika kifutio.

Kwa binti, kwa dada, kwa majirani wa nyumba zile mia mbili na kumi na nne: poleni sana. Mmefiwa na mtu aliyekuwa akiinuka kwenda kutazama.

Mwezi ujao makarani watapita tena. Nimeiona fomu. Ni ile ile, visanduku viwili. Karani akifika kwako, msijibizane mkiwa mmekaa. Mshike mkono, mpeleke bombani, afungue yeye mwenyewe. Akikuambia pembeni hapahesabiwi, mwambie aandike hivyo hivyo, na kwa wino.

Familia iliniomba dakika moja ya kimya. Jana nilikwenda nyumbani kwa marehemu na kinasa sauti. Nikakiweka chini ya bomba la mlangoni, binti yake akalifungua mpaka mwisho. Tusikilize pamoja.