Kitenge cha Kompyuta ya Naomie

Ndani ya mtumbwi wa kutoka Alunguli kwenda Kasuku, Bibi Euphrasie alikuwa amepakata kompyuta ya mjukuu wake, akiipeleka kutengenezwa, kaifunga kitenge gubigubi. Kijana aliyeketi kando yake, fundi wa kompyuta Joël, hakuwa akimjua, lakini akauliza, "Mama, huyu mutoto wa pembe nne anaumwa nini?"

"Uvivu! Naomie anaiambia ikimbie mbio zote, nayo iko inatambaa. Na Ijumaa anapeleka chuoni kitabu chake cha kumaliza masomo."

"Nyumbani inakaa wapi?"

"Ndani ya kitenge hiki hiki. Iwake, izimike, siifunui."

Joël akacheka kwa adabu. "Mama, ubongo wake ukipata moto, unapunguza mbio wenyewe usiungue. Ukiifunika, inakosa pumzi. Ugonjwa wake njo wewe, si kitu kingine."

"Mimi!" Mwenye mtumbwi akatega sikio, mto akamwachia Mungu. "Wakati wa vita nilifunika redio hivi, askari wakapita mara tatu. Chungu nilichoacha wazi wakabeba. Kitu cha kupenda kinafunikwa."

"Vita iliisha, mama."

"Kwako. Ulikuwa mgongoni mwa mama yako." Akakaza fundo la kitenge. "Kitendawili: anakimbia kutwa, hatoki mahali pake."

"Mashini."

"Moyo, mwanangu. Na wangu sasa unakimbia. Nitamwambia nini Naomie?"

"Ukweli. Atacheka."

"Atalia kwanza."

"Kisha atacheka."

Mtumbwi ukagusa mchanga wa Kasuku. Bibi akalegeza fundo, akafunua kipande cha juu tu, kama mtu anayemwonyesha mgeni uso wa mtoto aliyelala.