Nilishuhudia Kabla ya Kumaliza Dozi

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asanteni kwa kuitikia, ingawa kina baba mmeitikia kama watu waliokuja kusindikiza wenzao. Bwana apewe sifa tena! Haya, sasa nimesikia.

Wengi mnanijua. Kwa wageni mlio nasi Sabato hii, mimi ni Minza, mama Shija, wa hapa Buswelu. Kazi yangu ni kuparua samaki mwaloni, pale soko la samaki kando ya ziwa. Tangu asubuhi nasimama kwenye sakafu ya maji, gambuti miguuni, naparua sato na kupasua sangara mpaka wateja waishe. Na nina ugonjwa wa sukari, huu mwaka wa tatu nameza vidonge kila siku. Maji na sukari, ndugu zangu, ndivyo vilivyotaka kuondoka na mguu wangu wa kushoto.

Lakini kabla ya ushuhuda nianze na toba. Wapo mnaokumbuka kwamba miezi michache iliyopita nilisimama hapa hapa, nikasema Mungu ameniponya miguu. Mkapiga makofi, kwaya ikaimba, na mama mmoja pale mbele akalia. Ndugu zangu, siku ile sikuwa nimepona. Sikuwadanganya kwa makusudi, ila niliwahi. Mimi ni mtu wa kuwahi. Hata ugali wangu naupakua haujaiva sawasawa, na mume wangu yupo pale, anatikisa kichwa kukubali.

Ilianza kwa mwasho kati ya kidole kidogo na kile kinachofuata. Anayefanya kazi mwaloni anaujua mwasho huo; unasugua gambuti moja juu ya nyingine, unaendelea na samaki wako. Ngozi ikawa nyeupe na laini, ikachanika, ikaanza kutoa harufu. Wiki iliyofuata ikatoa usaha na kidole kikavimba. Nikaenda zahanati. Tabibu aliangalia, akaniambia, "Mama, hapa wamo wawili. Fangasi wameichana ngozi, bakteria wakaingia kwenye mpasuko. Kila mmoja ana dawa yake." Akanipa kapsuli za siku saba kwa ajili ya bakteria, na tyubu ya kupaka ya fangasi kwa wiki nne. Akasisitiza, "Hata mwasho ukiisha, unaendelea mpaka wiki nne zitimie." Nikasema ndiyo, daktari. Kusema ndiyo ni kazi rahisi.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Niliamka mwasho umekwisha, usaha umekauka, kidole kimerudi kama zamani. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza! Kesho yake nikaja hapa mbele nikashuhudia. Niliporudi nyumbani nikaziangalia zile kapsuli zilizobaki, nikajiuliza: kama nimeshatangaza kwamba Mungu ameniponya, kuendelea kumeza si ni kumwonyesha kwamba sina imani? Nikaona hata kuzitazama ni dhambi.

Kutupa dawa nikaona ni ubadhirifu. Mwenzangu wa meza mwaloni ni Tabu, Mwislamu wa mjini, tumeparua naye samaki miaka mingi. Naye vidole vyake vya miguu vilikuwa vinaungua. Jumapili nikampelekea kapsuli na tyubu. Akapokea kwa mikono miwili, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mama Shija, wewe ndiye ndugu." Mimi nilimeza nusu dozi, yeye akameza nusu iliyobaki. Tuligawana kwa upendo, na hakuna aliyepona.

Wiki mbili baadaye mwasho ulirudi, na safari hii ulikuja na jamaa zake. Ulikamata vidole vyote vya kushoto. Sasa nifanyeje? Kurudi kwa tabibu niliona aibu, lakini kwake aibu ilikuwa ndogo. Aibu kubwa ilikuwa ninyi. Nitarudije hapa mbele niwaambie Mungu ameahirisha? Nilianza kuvaa soksi nyeusi hata kanisani, jua hili la Mwanza mnalijua. Nilikuwa nakaa kiti cha mwisho karibu na mlango ili harufu itoke nje. Mtu akiniuliza, "Miguu inaendeleaje, mama Shija?" najibu, "Bwana ni mwema." Na Bwana alikuwa mwema kweli, mimi ndiye nilikuwa mwongo.

Basi nikaenda kutafuta dawa Butimba, ng'ambo kabisa ya mji, ambako hakuna anayenijua. Nikaingia duka la dawa nikasema nataka dawa kali, ya fangasi na bakteria kwa pamoja, nimechoka. Nikapewa tyubu ya mchanganyiko, na vidonge vya fangasi vya kumeza. Muuzaji hakuniuliza nameza dawa gani nyingine, nami sikumwambia nina sukari. Simlaumu yeye peke yake. Mdomo nilikuwa nao.

Ile tyubu, ndugu zangu, ilinidanganya vizuri sana. Ukipaka asubuhi, mchana mwasho hakuna, na ngozi inang'aa kama ya bibi harusi. Nikasema ndiyo hii sasa. Kumbe chini yake ugonjwa unatembea. Ulitoka vidoleni ukapanda juu ya mguu, ukazunguka kifundo, na mimi kila ulipofika nilikuwa naupaka uache kelele. Na vile vidonge navyo vilinifanyia maajabu yake. Nikivimeza pamoja na vidonge vya sukari, ikifika saa nne natetemeka, jasho linanitoka wakati wenzangu wanaona baridi ya ziwa, kichwa chepesi. Siku moja kisu kikaniponyoka mkononi. Nikajua ni adui. Nilisimama pale kwenye meza ya samaki nikaanza kukemea pepo kwa jina la Yesu mpaka wateja wakasogea meza ya jirani. Tabu akaniletea soda. Nilipoinywa nikatulia, nikasema pepo ametoka.

Sasa ikafika Sabato ya Meza ya Bwana. Wageni wetu, sisi kabla ya kula mkate huoshana miguu, kina mama upande wao na kina baba upande wao, wawili wawili, kwa beseni na taulo. Mmoja anapiga magoti, anamwosha mwenzake, kisha wanabadilishana, wanaombeana. Ni ibada ninayoipenda kuliko zote. Safari hii niliiogopa kama kesi.

Nilikuwa nimepanga. Nilijipa kazi ya kubeba birika la maji ya uvuguvugu, nikawa nazunguka kutoka beseni hadi beseni, mchapakazi kuliko mashemasi wote. Nikahesabu kwamba kina mama wakishamaliza, hakuna atakayekumbuka kwamba Minza hajaoshwa. Miguu nilikuwa naisikia inawaka ndani ya soksi, na tangu asubuhi nilikuwa na homa.

Mama Kokushubira, mnamjua, mama yetu kutoka Kagera aliyekuwa nesi mpaka alipostaafu, alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi. Akaniita. "Minza, njoo, sina mwenzi."

"Shikamoo, mama. Mimi leo nahudumu."

"Marahaba. Anayehudumu naye huoshwa. Weka birika chini."

Mama wa umri ule ameshapiga magoti mbele yako, utamwambia nini? Nikakaa. Nikavua soksi ya kulia kwanza, kwa uvivu, nikiomba wimbo uishe. Akaosha. Kisha akasubiri. Nikavua na ya kushoto, na harufu ikaja yenyewe, haikuhitaji kutambulishwa. Nilifunga macho. Nilisema moyoni, ee Mungu, leo umeniumbua.

Ndugu zangu, yule mama hakukunja uso. Alinimiminia maji taratibu, akaniosha kidole kwa kidole, akachukua pembe ya taulo akanikausha katikati ya kila kimoja. Kisha akaweka kiganja chake juu ya mguu, akakiacha pale. Akakipandisha hadi kwenye muundi. Akasema kwa sauti ya chini, wenzetu wakiimba, "Mguu huu una moto. Una mtoki?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mtoki ulikuwa kwenye kinena tangu Alhamisi, mkubwa kama kokwa ya embe.

"Na sukari unayo. Kwa nini umenyamaza?"

Nikamwambia, "Mama, nilishashuhudia." Na hapo nikalia kweli.

Hakunifariji. Aliniangalia tu akasema, "Ulishuhudia siku ya nne. Nani alikuambia Mungu anafanya kazi siku nne tu? Vaa kandambili. Mkate utaula wakati mwingine, sasa hivi tunakwenda hospitali. Pitia nyumbani ubebe kila dawa uliyotumia, usiache hata ganda."

Daktari alizimwaga mezani zote: tyubu ya Butimba, vidonge vya fangasi, vidonge vyangu vya sukari. Akapima sukari yangu, akaandika, akanieleza kama anamweleza mtoto wa shule, na namshukuru kwa hilo. Kwamba kwenye ile tyubu ya mchanganyiko kulikuwa na dawa ya tatu, ya kutuliza mwasho, ambayo huinyamazisha ngozi na kuipunguzia ulinzi, fangasi wakapata njia. Kwamba kuna dawa za fangasi za kumeza ambazo huvizidishia nguvu baadhi ya vidonge vya sukari, na vyangu vilikuwa miongoni mwa hivyo, ndiyo maana sukari ilikuwa inaporomoka. Ndugu zangu, yule pepo niliyekuwa namkemea mwaloni alikuwa sukari iliyoshuka, na aliyemtoa ni soda ya Tabu. Na akasema kwamba kapsuli zinazoachwa katikati huwaacha hai bakteria sugu zaidi, na hao ndio waliokuwa wamepanda mguuni.

Nikamuuliza, "Daktari, mguu?" Akasema, "Umekuja leo, tutaupigania. Ungekuja wiki ijayo nisingekuahidi." Nilimfikiria mwanamke anayeparua samaki kwa mguu mmoja. Sijawahi kumwona.

Nililala wodini siku tano, nikichomwa sindano za mshipa. Homa ilishuka siku ya pili, mtoki ukalainika siku ya nne. Ile siku ya nne, ndugu zangu, nilicheka peke yangu kitandani. Mama Kokushubira alikuja kila siku na uji, na kila siku aliniuliza swali moja tu: "Umemeza?" Niliporuhusiwa nilipewa kapsuli za siku kumi, na tyubu ya fangasi tupu, isiyo na mchanganyiko, ya wiki nne. Nikafundishwa kukausha katikati ya vidole, kugeuza gambuti zikauke, na kila ninapokwenda kununua dawa nitaje sukari yangu kabla sijaulizwa.

Tabu nilimpeleka mwenyewe zahanati. Kumbe yeye hakuwa na fangasi kabisa, mpira wa gambuti ndio ulikuwa unamchoma ngozi. Nilimmezesha dawa ya ugonjwa ambao hana. Nilimwomba radhi, akaniambia, "Mama Shija, ukipata kingine cha kugawa, gawa samaki." Yupo hapa leo, pale nyuma. Hakuja kubadili dini, amekuja kusikia kama nitasema ukweli.

Namshukuru Mungu aliyenipa mguu wangu tena. Namshukuru kwa sindano, kwa kapsuli, kwa daktari, kwa magoti ya mama mzee. Zamani nilidhani nikimeza dawa nampunguzia Mungu sifa. Sasa naona yeye ndiye aliyekuwa ananiosha wakati wote, na mimi nikimficha miguu ndani ya soksi. Kama upo hapa na una jambo lililorudi baada ya kulishuhudia, usikae karibu na mlango kama mimi. Njoo. Mungu wetu haaibiki na ugonjwa uliorudi, na hatukufukuzi kwa sababu yake. Na kama nyumbani una dawa ulizoziacha katikati, au za kupewa na jirani, zibebe zote uende nazo kwa mtaalamu, umwambie kila unachomeza. Mtumaini Bwana, na usimwonee haya nesi.

Naona mnataka kupiga makofi. Ndugu zangu, teremsheni mikono kwanza. Mguu hauumi, hauwashi, kapsuli nimemaliza zote, na asubuhi hii nimekuja kwa miguu yangu kutoka nyumbani. Lakini sikuja kuwaambia nimepona. Tyubu bado ina siku sita. Niombeeni nizimalize.