Jumamosi Iliyo Mkobani

Kivuko cha Garsen kilikuwa katikati ya Tana, wanaume wakivuta kamba, mchunga ng'ombe Jatani alipomfokea Mwalimu Dhadho mbele ya abiria wote. Mwanaarusi, aliyekaa katikati yao, alivuta kikapu chake miguuni. Ngumi zikianza, mchele wake ndio utakaomwagika.

"Jumanne nimekuuliza, mnada iko wazi? Ukasoma gazeti, ukasema iko wazi!"

"Lilikuwa gazeti la Jumanne."

"Jumanne ya wiki iliyopita! Jana askari wamenifungia ng'ombe arobaini karantini. Karani anasema mnada imefungwa, imeandikwa gazeti ya Jumamosi. Na hiyo Jumamosi uko nayo mkobani!"

Mwanaarusi alijua ni kweli. Magazeti ya wiki nzima huja na basi kila Jumatatu, yamefungwa pamoja, na Mwalimu huyasoma moja moja, kila siku na lake, utadhani anagawa vidonge.

"Mapadre walianzisha gazeti hili la kila siku wewe hujaota ndevu," Dhadho alisema. "Halijaruka siku hata moja. Mimi ni nani niruke?"

"Ng'ombe wawili wamekufa kwa kiu! Hawa wengine wanafunguliwa lini? Toa hiyo Jumamosi, soma!"

Magazeti mawili yalichungulia mkobani. Mwanaarusi, asiyejua hata herufi moja, alitamani kuyanyakua.

Kivuko kikagonga ukingo. Dhadho akaukumbatia mkoba wake.

"Leo Ijumaa," alisema. "Njoo kesho."